Nafasi ya Kuitikia

Nilipokabidhi ufunguo wa studio, mkuu wa idara aliniomba niwaachie vijana kitu cha maandishi. Nadhani alitarajia ukurasa mmoja. Alisahau anazungumza na nani. Mimi nikiulizwa ni saa ngapi, kwanza naeleza saa yangu niliinunua wapi. Basi ninyi mnaobaki, mtakaoingia darasani kesho na kipaza sauti mkononi na hofu tumboni, kaeni vizuri. Vyeo sitavizungumzia, maana sikupewa vingi, na mshahara wa chuo mnaujua wenyewe. Nitasema mambo ya kazi.

Nilizaliwa Rungwe, kwenye migomba, na baba alitaka nichume chai kama yeye. Nikiwa kijana nilipanda treni ya kwenda Zambia. Huko nilifagia, nikabeba mizigo, nikalinda geti la kituo cha redio, na jioni nikasoma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala padri aliyeniandikia barua. Niliporudi nilishuka stesheni ya Mbeya nimevaa suti ya kahawia, na diploma yangu ya utangazaji nimeikunja ndani ya bomba la plastiki isilowe. Mama alilitazama lile bomba, akauliza ni la kuvuta maji kutoka mto gani. Nikamwambia, mama, hili ni la kuvuta heshima. Akasema sawa, ila maji ndiyo yaliyokuwa yanahitajika pale nyumbani.

Kazi ya kwanza niliipata Mbeya mjini, kwenye kituo kidogo cha redio ambacho siku hizi hakipo. Nilidhani nitakabidhiwa kipaza sauti siku ile ile, kwa jinsi nilivyovaa. Nilikabidhiwa kwa Mzee Sikazwe, fundi mitambo, mtu mfupi wa kutoka upande wa Sumbawanga ambaye hakuwahi kuniuliza habari za diploma hata mara moja. Jambo hilo liliniuma sana, maana nilikuwa nimeandaa majibu.

Enzi hizo sauti ilikuwa kitu cha kushikika. Ilikaa kwenye utepe wa kahawia, na kuhariri maana yake ilikuwa kukata kwa wembe. Unasikiliza, unaweka alama kwa penseli nyeupe, unakata, unaunganisha kwa gundi ya utepe. Vipande usivyovitaka vinaanguka chini. Siku ya kwanza nilimaliza kukata, nikaona sakafu imejaa, nikachukua ufagio kwa nidhamu yangu yote ya ulinzi wa geti. Mzee Sikazwe akaukanyaga ule ufagio kwa kiatu.

"Kipindi kimesharuka?" akaniuliza.

Nikamwambia bado, ni cha kesho.

"Basi sakafu haifagiliwi. Hujui ni kipande gani utakuja kukililia."

Nilimwona mchafu. Baadaye nilimwona mara nyingi akipiga magoti chini ya meza, kipande cha utepe kimemning'inia shingoni kama rozari, akitafuta sentensi ya mtu iliyotupwa asubuhi na kuhitajika mchana. Kila mara aliipata. Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, nami nimelifundisha mpaka kwa watu wenye shahada tatu.

Kutoka pale nikaitwa Iringa. Chuo kilikuwa kinaanzisha kozi ya uandishi wa habari na kilihitaji mtu anayejua studio kwa mikono. Studio yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi. Tulibandika trei za mayai ukutani na mablanketi mlangoni, lakini ukisogeza kipaza karibu na pembe ulisikia dumuzi wakitafuna. Niliitundika diploma yangu juu ya mashine, kwenye fremu, ili kila anayeingia ajue yuko mikononi mwa nani. Wanafunzi wakaanza kuniita Mzee Diploma. Walidhani wananitania. Mimi nililipokea jina hilo kama mtu anavyopokea jogoo.

Mhadhara wangu wa kwanza ulikuwa msiba. Niliandaa kurasa nyingi kuhusu vyombo vya habari na miji, nikazisoma zote kwa sauti ya redio, na baridi ya Iringa ikafanya kazi yake. Nusu ya darasa walijifunika vitenge na majaketi wakalala. Wiki iliyofuata niliziacha kurasa zangu, nikawatoa nje. Niliwapanga kwenye ukingo wa barabara, nikawaambia wafumbe macho na kunieleza mji wanaousikia. Ndipo nilipogundua kuwa Iringa, kwa kukaa juu ya mlima, husikika kutoka chini kwenda juu. Kengele ya Wakatoliki inapanda, ya Walutheri inaijibu, adhana inapita katikati, halafu unasikia mtu anapasua kuni bondeni kama yuko chumbani kwako. Binti mmoja alisema anasikia nyundo, nyundo, nyundo, kila upande. Nikamwambia afumbue macho. Kila upande walikuwa wanapaua nyumba. Mji ulikuwa unateremka kuelekea bustani za kando ya mto Ruaha, na sisi tulikuwa tumeusikia kabla hatujauona.

Binti huyo ni Upendo. Alikuwa Mbena wa Njombe, mrefu, mwepesi wa kucheka. Katika mikono yote niliyoifundisha, wake ndio uliokuwa na kasi kuliko yote kwenye kompyuta. Maana wakati huo kompyuta zilikuwa zimeshafika, na wembe nilikuwa nanyolea ndevu tu. Kwa sababu ya zile nyundo niliwapa darasa kazi ya kipindi cha Jumamosi asubuhi kwenye redio ya chuo, kuhusu mji unaoingia shambani. Upendo akachagua mfereji mmoja wa bustani upande wa bondeni.

Niwaeleze huo mfereji. Ulichimbwa na wazee zamani, unatoa maji mtoni na kuyapitisha kwenye bustani za mchicha, kabichi na nyanya. Kuna watu wa juu, walio karibu na banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ambao wengi wao walikuwa wameanza kujenga na kupangisha. Na kuna watu wa chini, ambao maji yanawafikia mwisho. Kila kiangazi kinapoanza hukutana wote kwa msaragambo, wanazibua mfereji kwa majembe, na siku hiyo hiyo wanapangiana zamu za maji. Mwenye kuwaita alikuwa Mzee Gaitani, Mhehe wa watu wa chini, mwembamba, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua ila kanisani. Pasipo msaragambo hakuna zamu. Pasipo zamu, wa chini wanatazama kabichi zikikauka.

Upendo alimwendea na kinasa sauti. Mimi sikuwepo, lakini najua alivyofanya, kwa kuwa nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi. Alipiga goti, akasalimia, akaulizwa habari za Njombe, za wazazi, za mvua na za masomo, na Mzee Gaitani naye akajibu zake. Kisha mzee akakisogelea kinasa na kuwasalimia watu wa juu, kila mmoja kwa jina, akianza na shemeji yake Mzee Vitalis. Akamuuliza mguu wake unaendeleaje. Akawashukuru kwa kazi ya mwaka uliotangulia. Baada ya hayo yote ndipo aliposema jambo lake: kwamba wa juu wamejenga, na maji siku hizi yanaishia kwao.

Binti akarudi studio. Kipindi kilikuwa na nafasi ndogo, na mwongozo wa idara, kama miongozo ya redio zote nilizozijua, ulisema salamu hazirushwi kwa kuwa hazina habari. Yule yule aliyepiga goti bondeni akakaa kwenye kiti cha studio akawa mtaalamu. Akakata. Jumamosi saa ya chai, bonde lote likamsikia Mzee Gaitani akianza hivi: "Hawa wa juu wamejenga, na maji yanaishia kwao."

Kipindi kilisifiwa. Mkuu wa idara alisema kimekaza. Mimi mwenyewe nilisema kina meno.

Siku ya msaragambo Mzee Gaitani alikwenda kwenye banio na jembe lake. Wa chini walikuja. Wa juu hakuja hata mmoja. Alisubiri mpaka jua likawa kali, akarudi nyumbani, akavaa koti, akaja chuoni kwa miguu. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje ya studio, kofia kichwani. Nikamsalimia, akaniitikia vizuri mpaka mwisho, bila haraka, wala sikujua kuwa nimeletewa mashtaka. Alipomaliza akasema:

"Mwalimu, salamu yangu mmeiweka wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwao mtu akifika uani asisalimie, akaanza na neno lake moja kwa moja, huyo hajaja kuzungumza. Amekuja kuvunja. Hata mtoto anajua kuwa hapo kiti hakitolewi. Watu wa juu walikuwa wamemsikia akifika majumbani mwao wote kwa mara moja, asubuhi, kupitia redio, na kuanza na maji. Wakaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Shemeji yake Vitalis alikuwa ametuma neno kwamba undugu umeisha, na mfereji kila mtu azibue wa kwake.

Upendo alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote, na kwa kuwa ni Mbena, mwenye desturi hiyo hiyo, hakuhitaji kutafsiriwa. Alipiga goti pale pale kwenye saruji, akaanza kuomba radhi. Mzee akamzuia.

"Inuka, mwanangu. Radhi nitaifanyia nini? Sikuja kwa radhi. Nipe salamu yangu niirudishe kwa wenyewe, mfereji uzibuliwe. Kabichi hazingoji."

Tukaingia studio kuitafuta. Nikamwambia Upendo afungue mazungumzo yote kama alivyoyanasa, turushe salamu peke yake Jumamosi. Hakugusa kitufe chochote. Chuo kilikuwa na kinasa sauti kimoja kwa wanafunzi wote, na mwenzake alikihitaji siku ile ile, kwa hiyo alikifuta baada ya kukata. Kwenye kompyuta kilibaki kile kipande chenye meno tu. Nilitazama chini, kwa mazoea ya miaka, kama vile ningeona utepe umelala. Kompyuta haina sakafu.

Upendo akafikiri haraka, kama kawaida yake. Akamwomba mzee asalimie upya, hapo hapo, kwenye kipaza. Akamwekea kiti, akamrekebishia kipaza kidevuni. Mzee akakitazama kile chuma.

"Nimsalimie nani?"

"Watu wa juu, babu. Watakusikia Jumamosi."

"Wako wapi? Nani ataitikia?"

"Mimi nitaitikia."

"Wewe ni wa juu?"

"Hapana, babu. Natoka Njombe."

"Basi umeona mwenyewe." Akainuka. "Salamu si hotuba, mwanangu. Ina watu wawili."

Akaondoka akiwa ameniaga vizuri tu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kama angegomba.

Kesho yake nilimchukua Upendo tukaenda kwa Mzee Vitalis. Nilivaa ile suti ya kahawia, kwa sababu suti ile ilishanifungulia milango migumu zaidi. Vitalis alikuwa mnene, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, na nyuma yake kulikuwa na vyumba vipya vya kupangisha ambavyo bado vilinuka rangi. Tulisalimiana kwa muda mrefu kuliko mihadhara yangu mingi. Akaniuliza kama kwetu Tukuyu ndizi zimekubali mwaka huu. Nikamwambia zimekubali. Akasema anajua, watu wa ndizi hata zikikataa husema zimekubali. Nikacheka, maana ni kweli.

Nikamweleza kilichotokea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema alisalimia."

"Alisalimia, mzee. Na mguu wako aliuulizia."

"Mguu wangu aliuulizia?"

"Wa kwanza kabisa. Sisi ndio tuliokata."

Akageuka kwa Upendo. "Salamu inakatwa na nini?"

"Na kompyuta, babu," Upendo akasema.

Mzee Vitalis aliutazama mguu wake. Kisha akatoa hukumu ambayo tangu hapo sijasikia hukumu safi kama hiyo, hata kwenye vikao vya baraza la chuo. Alisema hawezi kuitikia salamu aliyosimuliwa. Asingemwita mtu mwongo, ila kisichosikika hakiitikiki. Gaitani hakumkosea uani, alimkosea redioni, mbele ya watu, basi asimfuate uani. Amsalimie redioni, pale pale, wakati ule ule.

"Na wewe utaitikiaje, mzee?" nikauliza. "Tukuletee simu?"

"Simu ya nini? Nitaitikia nilipo. Kwani nyumba ni ya nani?"

Njiani Upendo alisema haiwezekani. Redio inakwenda upande mmoja. Mzee Gaitani alishakataa kusalimia chuma, na Mzee Vitalis ataitikia peke yake jikoni kwake. Watu wawili wataongea na kuta. Nikamwambia hebu atembee kimya kidogo nifikirie. Hapo, vijana, ndipo mtu aliyesoma kwa taabu anapotofautiana na aliyesomeshwa. Nilikumbuka ulinzi wa geti. Mlinzi anapiga hodi kwenye nyumba kubwa, haoni mtu, hasikii mtu, lakini anasubiri kadiri ya mtu kuinuka kitini na kuvaa kandambili. Anajua muda wa jibu kabla ya jibu.

Nilimwendea Mzee Gaitani nikamwambia aje Jumamosi asalimie moja kwa moja hewani, bila kunaswa, wa juu watakuwa wanasikiliza na wataitikia walipo. Yeye hatawasikia. Asalimie, awaachie nafasi, kisha aendelee. Alifikiri, akauliza swali moja tu: kama hiyo nafasi tutamwachia kweli, au tutaijaza muziki. Nikamwapia.

Mkuu wa idara ndiye aliyekuwa mgumu. Kwenye redio ukimya ni ajali. Hewa ikiwa tupu kwa muda wa pumzi mbili, watu hudhani umeme umekatika na kuhamia kituo kingine, na mwongozo ulituagiza tuweke muziki mara moja. Nilimwambia ukimya ule nitausimamia mimi, na kama ukiharibika aishushe diploma yangu ukutani. Alijua siwezi kutoa rehani kubwa kuliko hiyo. Akakubali.

Jumamosi Mzee Gaitani alikuja na kofia yake. Safari hii aliivua, akaiweka juu ya mashine. Upendo alikuwa kwenye mitambo, mimi nimesimama nyuma yake. Taa nyekundu ikawaka.

"Kamwene," mzee akasema.

Halafu kimya.

Sijui kama mmewahi kusikia kimya kikitoka hewani. Nilisikia dumuzi kwenye pembe. Nilisikia mwanafunzi akipiga chafya nje. Mkono wa Upendo ukaanza kusogea wenyewe kuelekea kitufe cha muziki, kama mkono wa mtu anayeanguka unavyotafuta ukuta. Nikaushika. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anatikisa taratibu, kama wafanyavyo wote wanapoitikiwa. Kisha akaendelea kwa Kihehe. Habari za hapo nyumbani. Akanyamaza, akatikisa kichwa. Watoto. Akanyamaza. Mifugo. Akanyamaza. Akawataja mmoja mmoja kwa majina, na kila mmoja akampa muda wake. Mwingine mfupi, mwingine mrefu, na mama mmoja akampa muda mrefu sana, na mzee akawa anasema ee, ee, kama vile anasimuliwa ugonjwa.

Mwisho akasema, "Vitalis. Na mguu?"

Akasubiri. Ghafla akacheka, peke yake, kwa nguvu, mpaka sindano za kupimia sauti kwenye mashine zikagonga mwisho.

Upendo akamwonyesha kwa kidole kwamba bado ana muda, aseme sasa habari za maji. Mzee akachukua kofia yake, akaivaa, akainuka.

"Maji tutaongelea huko," akamwambia. "Hapa nilikuja kusalimia."

Tulikwenda bondeni siku aliyowaita upya. Nilikwenda na darasa zima, kila mtu na daftari, maana kama jambo lingeharibika nilitaka liharibike mbele ya mashahidi. Wa chini walikuwa wamefika. Tulikaa kwenye nyasi zenye umande, na Upendo alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha tukasikia majembe yanagongana kule juu, na watu wa Vitalis wakateremka kwa mstari, wapangaji wao wapya wakiwa nyuma yao na viatu vya mjini. Vitalis mwenyewe alikuja kwa fimbo, akakaa kwenye jiwe kusimamia, jambo ambalo shemeji yake alisema analiweza kuliko kulima.

Nilimuuliza Vitalis siku ile alijibu nini kuhusu mguu. Akasema alimwambia mguu wake ni mzima kuliko kichwa cha anayeuuliza, na jikoni wote walicheka. Nikamwendea Gaitani ndani ya mfereji, tope hadi magotini, nikamuuliza alicheka nini studio na hakusikia kitu.

"Kwani angejibu nini kingine?" akasema. "Namjua."

Jioni maji yalifika kwenye bustani ya mwisho. Upendo aliyanasa yakiingia kwenye matuta ya kabichi, na safari hii hakufuta kitu. Wiki ile ile alitengeneza jalada jipya kwenye kompyuta ya studio, akaliita Sakafu. Kila kinachokatwa kinawekwa humo, na hakifutwi mpaka kipindi kiruke na watu waliosikika waseme wameridhika. Mwongozo wa idara nao ulibadilishwa. Siku hizi watu huita hiyo Kanuni ya Upendo. Sawa. Ila ieleweke mkono aliushika nani.

Baadaye chuo kilifungua tawi Mbeya, nikarudi kwetu. Mbeya haisikiki kama Iringa. Mbeya haikai mlimani ikakusubiri, inapita barabarani. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi Uyole wafumbe macho wasikie malori ya Tunduma yakibadilisha gia, halafu sokoni Mwanjelwa, ambako mama wa viazi anaita kwa Kisafwa, wa ndizi anajibu kwa Kinyakyusa, na anayenunua anapunguziwa kwa Kiswahili. Niliwaambia kijiji kina sauti moja ndefu, na mji ni sauti nyingi zinazogombania nafasi. Kazi yenu ni kumtafutia kila mmoja nafasi yake. Niliwahi kumpeleka kijana mmoja Makongolosi akanase maisha ya wachimbaji wa dhahabu. Alirudi na sauti ya karasha linalosaga mawe, saa nzima, na katikati yake mtu anapiga kelele jambo ambalo mpaka leo hatulijui. Nilimpa alama nzuri. Ndivyo Makongolosi ilivyo.

Ya chuo nayo yana utamu wake. Kwenye mahafali maprofesa huvaa majoho yenye rangi kama kasuku, na mwenye diploma hukaa safu ya nyuma na joho jeusi la kuazima. Sikuwahi kulalamika. Safu ya nyuma ndipo mafundi wa sauti wanapokaa, na kila profesa aliyesimama kuhutubia alinitazama kwanza mimi aone kama kipaza kimewaka.

Wanafunzi wa siku hizi nawapenda kama wa zamani, ingawa wananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu unaoanza, "Mwalimu, matokeo lini?" Huwa sijibu. Nanyamaza kadiri ya mtu kuinuka kitini na kuvaa kandambili. Wengi hutuma wa pili: "Shikamoo, Mwalimu, habari za nyumbani?" Hapo najibu yote.

Upendo sasa ni mhadhiri hapa Mbeya, ana shahada ambazo sizihesabu, na ufunguo wa studio niliukabidhi mkononi mwake. Wiki yangu ya mwisho alinikalisha mbele ya kipaza ili wanitengenezee kipindi cha kuniaga. Nilizungumza asubuhi nzima. Nilianza na salamu, kama inavyostahili, kwa watu wa Iringa na wa Mbeya. Kisha nikaeleza treni, suti, bomba, geti, na alama nilizopata kila somo. Alinisikiliza mpaka mwisho anatabasamu, na nikaona nimemfurahisha.

Jumamosi tulikaa sebuleni Uyole, mimi na mke wangu, Mama Lugano, na majirani niliowaalika. Chungu cha ndizi kilikuwa jikoni. Sauti yangu ikaingia, nzito, nzuri, ya mtu aliyesomea. Nikasema Kamwene kwa wa Iringa. Halafu kimya. Mzee mmoja wa Kihehe aliyeoa mtaani kwetu akaitikia kutoka pembeni, bila kuagizwa. Nikasema Ugonile kwa wa Mbeya, na kimya kingine kikaja, na sebule nzima ikaitikia. Nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za wanafunzi wangu popote walipo. Kila mahali Upendo alikuwa ameacha nafasi, nami nikajikuta naitikia salamu zangu mwenyewe, macho yananiwasha kwa moshi wa jikoni.

Kisha sauti yangu ikasema, "Sasa tuanze na diploma yangu," na muziki ukaingia, na kipindi kikaisha.

Majirani walinitazama. Mama Lugano akainuka kwenda kuepua chungu.

"Hapo hapo," akasema, "ndipo na mimi huwa nakata."

Nilichukua simu nikamwandikia Upendo. Nilimsalimia kwanza, nikamuuliza watoto, ndipo nikamuuliza ile asubuhi nzima niliyozungumza imekwenda wapi. Jibu lilichukua muda wake kufika.

"Kamwene, Mwalimu. Watoto hawajambo. Iko sakafuni. Sijafagia."